Range Rover Lililolala Chini: Kero, Hasara na Hatari Katika Malalamiko ya Wenye Magari ya Kifahari

Asubuhi mwenye gari anatoka na funguo mkononi, anakuta Range Rover lake limelala. Halijagongwa, na matairi yote yana upepo. Limeshuka tu usiku, tumbo karibu lifute sakafu, kama ng'ombe aliyekunja miguu. Anawasha injini, kompresa inaanza kunguruma huko chini, gari linajiinua taratibu, naye anaondoka zake kazini. Wiki inayofuata ni hivyo hivyo. Mwezi unaofuata haliinuki kabisa.

Muulize fundi wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ugonjwa wa Range ni upi, na kulala chini kutakuwa kwenye sentensi yake ya kwanza. Ni lalamiko maarufu, linawachekesha wapita njia na kumwaibisha mwenye gari mbele ya majirani waliojua bei aliyolinunulia. Ajabu ni kwamba katika mambo yote yanayolalamikiwa kuhusu magari ya aina hii, hilo ni mojawapo la yale yenye uwezekano mdogo wa kumuua mtu. Yapo mengine ambayo huyasikii popote, na hayo ndiyo yaliyowafanya wenye viwanda waite maelfu ya magari yarudi.

Anayetaka kununua gari la kifahari la mtumba huwa anasoma malalamiko kwa kuhesabu: wengi wamelia, basi gari ni bovu, wachache wamelia, basi ni zima. Mimi nadhani hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu malalamiko ya namna tatu tofauti huingizwa kwenye kapu moja. Kuna kero, kuna hasara, na kuna hatari. Hayana uzito sawa, hayatibiwi na watu walewale, na sheria inayomlazimisha mwenye kiwanda kuyaita magari yarudi inajali la tatu tu.

Chukua utafiti wa J.D. Power wa Marekani, ambao kila mwaka huwauliza wenye magari yaliyotimiza miaka mitatu ni matatizo gani wamepata. Mwaka 2020 Land Rover, kampuni inayotengeneza Range Rover, ilishika mkia: matatizo 220 kwa kila magari 100, wakati wastani wa magari yote ulikuwa 134 na Lexus ilipata 100. Takwimu kama hizo husambaa haraka na kugeuka hukumu. Lakini ndani ya hayo 220 kuna simu iliyokataa kuungana na redio, kompyuta isiyoelewa sauti ya dereva, upepo unaopiga mluzi dirishani, na pia gari lililozimika njiani. Kila moja linahesabiwa moja. Gari lenye skrini nne lina nafasi nyingi zaidi za kumuudhi mwenyewe kuliko pikapu yenye redio na kiyoyozi tu, hata kama injini zao ni imara sawasawa. Ukitaka kujua kama gari litakuacha porini kati ya Dodoma na Singida, namba hiyo pekee haikuambii.

Turudi kwenye kulala. Gari la kawaida hukaa juu ya springi za chuma. Range Rover lilianza kuwekewa springi za upepo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndugu yake Discovery 3 ya mwaka 2004 nayo ikaja nazo. Kwenye kila gurudumu kuna mfuko wa mpira mnene uliojazwa upepo. (Usiuchanganye na ile mifuko ya hewa inayofumuka usoni wakati wa ajali, hiyo tutaifikia, na habari yake si ya kuchekesha.) Kompresa ya umeme inasukuma upepo, tangi linauhifadhi, valvu zinaugawa, na sensa za kila pembe zinaiambia kompyuta gari liko juu kiasi gani. Ndiyo maana gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili linapita kwenye barabara mbovu kama dau kwenye maji ya bwawa, na likifika penye mawe linajiinua bila mtu kushuka.

Mpira nao huzeeka. Gari linapopanda na kushuka, mfuko hujikunja mahali palepale, na vumbi linaloingia kwenye mkunjo huo husaga kama msasa. Miaka ikipita, nyufa nyembamba zinajitokeza na upepo unaanza kuponyoka kidogo kidogo. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kompyuta ya magari haya hailali ukiyazima. Huamka kila baada ya saa kadhaa, ikapima pembe zote nne, na ikikuta moja imeshuka huzishusha nyingine tatu zilingane nayo. Kwa hiyo mfuko mmoja unaovuja unatosha kulilaza gari zima, huku mwenyewe akiapa kwamba mifuko yote minne imekufa na muuza spea akimkubalia kwa furaha.

Kinachofuata ndicho kinachogeuza kero kuwa hasara. Kompresa iliyotengenezwa kufanya kazi dakika chache kwa siku sasa inafanya kazi saa nzima kufukuzana na upepo unaotoroka. Inapata moto, inalika ndani, mwisho inaungua. Gari linapelekwa gereji, fundi anabadilisha kompresa kwa kuwa ndiyo iliyokufa, gari linasimama wima na watu wanapeana mikono. Baada ya miezi michache kompresa mpya nayo imekwenda, kwa kuwa tundu lililoiua ya kwanza halijaguswa. Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, yenye thamani ya soda moja, yangeonyesha mapovu mahali panapovuja. Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba kompresa za magari haya ni mbovu naamini ni malalamiko kuhusu gereji zinazotibu dalili.

Je, ni hatari? Mfumo ukifa ukiwa njiani, gari linashuka na kukaa kwenye mipira yake ya mwisho, taa inawaka na maandishi yanakuonya usipite kilomita 50 kwa saa. Utarushwa kama umepanda mkokoteni, ila utafika. Aliye hatarini zaidi ni fundi mwenyewe: gari lililosimama juu ya upepo linaweza kushuka ghafla bomba likifunguliwa au valvu ikiachia, na aliyeingia chini bila kuweka stendi hana pa kukimbilia.

Hasara yenyewe hasa iko kwenye injini. Discovery 3, Discovery 4 na Range Rover Sport za dizeli zilizotoka Uingereza kwa wingi zina injini ya V6, ya lita 2.7 na baadaye 3.0. Chimbuko lake ni ushirikiano wa Ford na PSA, kampuni mama ya Peugeot na Citroën, na iliundwa katika kiwanda cha Ford cha Dagenham, mashariki mwa London. Ford iliimiliki Land Rover kuanzia mwaka 2000 hadi 2008, ilipoiuza pamoja na Jaguar kwa Tata Motors ya India kwa dola bilioni 2.3. Wenye magari waliolalamikia injini hii wanasimulia jambo moja linalofanana mno: gari lilikuwa zima, halikuwasha taa yoyote, likatoa mlio, likazima. Likipelekwa kwa fundi, krenki imekatika.

Krenki ni ule mhimili wa chuma unaopokea nguvu ya pistoni zinazopanda na kushuka na kuigeuza kuwa mzunguko. Haigusi chuma cha injini moja kwa moja. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi zilizo kama magamba ya nusu duara. Oili ikipungua au ikichoka, utando unakatika, chuma kinagusana na chuma, na beringi inaweza kuhama kutoka mahali pake ikaziba tundu la oili. Injini ikianza kunoki, yaani kugonga kwa ndani, mara nyingi umeshachelewa. Kwenye V6 hii kuna mafundi wa Uingereza wanaolaumu beringi zenyewe, kwamba ni nyembamba na hazina kishikizo cha kuzizuia zisizunguke. Wengine wanalaumu ratiba ya oili: kitabu cha gari kiliruhusu kuendesha kama kilomita 24,000 kabla ya kubadilisha. Ratiba ndefu hivyo huwapendeza wanunuzi wa magari ya kampuni, kwa kuwa karatasi inaonyesha gharama ndogo za matunzo katika miaka mitatu ya mwanzo. Mmiliki wa nne, aliyeko Mwanza au Eldoret, ndiye anayelipa deni hilo, na anayajua hayo siku gari limeshakuwa juu ya gari lingine la kubebea.

Ongeza hapo mkanda wa taimingi, ambao kwa ratiba ya Uingereza ulitakiwa ubadilishwe kwenye mwaka wa 7 au karibu na kilomita 170,000, na mkanda wa pili mdogo ulioko nyuma ya injini unaoendesha pampu ya dizeli, ambao wengi husahau kwamba upo. Ongeza tena kwamba nafasi ni finyu kiasi kwamba ili kufikia turbo, gereji nyingi huona rahisi kulinyanyua bodi zima na kulitenganisha na chasi. Mtu akisikia bei ya ufundi anafikiri anaibiwa. Akiliona gari lake limekatwa sehemu mbili, bodi juu na magurudumu chini, anaelewa.

Sasa ingia kwenye kumbukumbu za malalamiko za Marekani, ambazo ziko wazi kwa mtu yeyote, utafute kilio cha injini ya lita 2.7 kwenye Discovery 3. Hutakiona. Watu huchukulia ukimya huo kuwa ushahidi. Sababu ni nyepesi: Marekani gari hilo liliuzwa kwa jina la LR3, na kwa petroli. Dizeli ya lita 2.7 haikuuzwa huko hata siku moja, na ile ya lita 3.0 iliingia kwenye modeli za 2016. Yaani injini hiyo ya lita 2.7 inayojaza gereji za Afrika Mashariki haikuwahi kufika kwenye nchi yenye daftari kubwa la malalamiko. Kila unapoambiwa gari fulani "halina rekodi mbaya", uliza kwanza rekodi hiyo imeandikwa nchi gani na injini ipi.

Hata ingeuzwa huko, huenda isingeitwa kiwandani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966, inayosimamiwa na mamlaka iitwayo NHTSA, inamlazimisha mwenye kiwanda kurekebisha bure kasoro inayoleta hatari isiyo ya kawaida barabarani. Haimlazimishi kutengeneza injini ya kudumu. Krenki iliyokatika gari likiwa kwenye mteremko wa mbali, usukani ukawa mzito na breki zikahitaji mguu wa nguvu, unaweza kujenga hoja kwamba hiyo ni hatari. Wanasheria wa kampuni watajenga hoja kwamba ni uchakavu. Mstari kati ya hasara na hatari hupitia hapo, na ndipo malalamiko mengi hukwama miaka.

Yanayovuka mstari huenda hivi. Mwenye gari anaandika lalamiko kwa mamlaka, bila malipo. Moja halitoshi, ila wahandisi wa mamlaka wanayapanga kwa modeli na kwa kasoro, na yakianza kufanana wanafungua uchunguzi wa awali, kisha wa kina. Kampuni ikishaamua kwamba kasoro ya usalama ipo, ina siku 5 za kazi kuitaarifu mamlaka, na wenye magari wanapaswa kuandikiwa barua ndani ya siku 60. Mwaka 2000, baada ya vifo vilivyohusishwa na matairi ya Firestone kwenye Ford Explorer, Marekani iliongeza sheria: kampuni sasa inatakiwa kuripoti dalili mapema, yakiwemo magari iliyoyaita katika nchi nyingine. Kabla ya hapo kampuni ingeweza kurekebisha tatizo kimyakimya ng'ambo huku nyumbani ikitabasamu.

Kwa Range Rover, malalamiko ya hatari hayakutoka kwenye kulala. Mwaka 2015 zaidi ya magari 65,000 ya Range Rover na Range Rover Sport yaliitwa Marekani kwa sababu ya programu ya milango isiyotumia funguo: mlango ungeweza kuachia bila taa yoyote kumwambia dereva kwamba haujafungwa. Fikiria mtoto kiti cha nyuma. Miaka kumi baadaye likaja la chuma. Juni 2025 NHTSA ilifungua uchunguzi wa karibu magari 92,000, Range Rover za 2013 hadi 2017 na Sport za 2014 hadi 2017, kuhusu kipande cha alumini kinachoshika gurudumu la mbele, ambacho mafundi huita nako. Kipande hicho kilikuwa kinapata ufa mahali kinapokutana na mkono wa juu wa suspensheni. Kikivunjika, mkono unaachia na gurudumu halina tena kitu cha kulishika wima. Kabla mwaka haujaisha, kampuni iliyaita zaidi ya magari 121,000.

Linganisha sauti za matatizo haya mawili. Mfuko wa upepo unajitangaza kila asubuhi. Ufa wa nako hausemi chochote hadi siku yake. Dereva akisikia mgongano kidogo kwenye shimo atalaumu bushi, atalaumu shokapu, ataongeza sauti ya redio.

Kuna wakati lalamiko la hatari linasikika vizuri kabisa, ila linachekwa. Jeep Grand Cherokee za 2014 na 2015 ziliwekewa mkono wa gia wa kielektroniki ambao kila ukiusukuma ulirudi katikati wenyewe. Haukubaki nyuma wala mbele kama tulivyozoea, hivyo mkono wa dereva haukuweza kujua gari liko kwenye gia gani. Watu walishuka wakidhani wameegesha, gari likaondoka bila wao. Jibu rahisi lilikuwa kwamba ni uzembe wa madereva, angalia skrini imeandikwa nini. Aprili 2016 kampuni iliyaita magari yapatayo milioni 1.1, yakiwemo ya modeli nyingine zilizotumia mkono huohuo. Mwezi Juni mwaka huo, mwigizaji Anton Yelchin alifariki nyumbani kwake Los Angeles baada ya Grand Cherokee yake kuserereka kwenye mteremko na kumbana kwenye nguzo ya geti. Breki zilikuwa nzima na injini nzima. Kasoro ilikuwa mahali mkono wa mtu unapokutana na mashine, na fundi mwenye spana hana cha kuitafutia.

Na kuna hatari ambayo hakuna mwenye gari aliyeilalamikia kwa sababu hakuna aliyekutana nayo bado. Aprili 2010 jarida la Consumer Reports la Marekani liliwaambia wasomaji wake wasinunue Lexus GX 460. Kwa sisi tunaoishi huku, GX 460 ni ndugu wa damu wa Prado ya kizazi cha 150, lile gari la mashirika na wakubwa. Katika majaribio ya kona, wahandisi wa jarida waliachia pedali ya mafuta ghafla, nyuma ya gari ikateleza kwenda pembeni mbali kuliko inavyokubalika, na mfumo wa kielektroniki unaopaswa kulidhibiti ulichelewa kuingia kati. Gari refu linaloteleza kwa ubavu linaweza kugonga ukingo wa barabara likapinduka. Toyota ilisimamisha mauzo mara moja, ikayaita magari kama 9,400, ikabadilisha programu ya kompyuta, na tarehe 7 Mei jarida likayapima tena na kuondoa onyo. Hakikubadilishwa chuma hata kimoja. Wale waliokuwa wakiyaendesha magari hayo walikuwa wameridhika kabisa.

Wahenga waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa na habari za Takata, ila wangeielewa upesi. Kampuni hiyo ya Japani ilizitengenezea kampuni nyingi za magari mifuko ya hewa ya usoni, na baruti yake ya kuufumua mfuko ilikuwa nitrati ya amonia. Kemikali hiyo ikikaa miaka kwenye joto na unyevunyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikakipasua kikopo chake cha chuma na kurusha vipande kwa aliyeketi mbele yake. Marekani peke yake zaidi ya watu 25 wamekufa, vifaa vipatavyo milioni 67 viliitwa, na mwaka 2017 Takata ikafilisika. Range Rover za 2007 hadi 2011 zimo kwenye orodha hiyo, upande wa abiria. Toyota na Honda zimo kwa wingi zaidi. Mamlaka ya Marekani iliyapanga majimbo kwa hali ya hewa na kuanza na yale ya joto na unyevu, kama Florida, Hawaii na pwani ya Ghuba ya Mexico. Hakuna aliyeziweka Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam kwenye foleni hiyo, ingawa hali ya hewa tunayoipumua ni ileile. Gari lenye mfuko huo linaendeshwa vizuri, halilali, halinoki, na mwenyewe atakupa sifa zake zote.

Hapo ndipo mnunuzi wa mtumba anapoachwa nje ya mlango. Barua ya kuitwa gari hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa katika nchi gari lilikouzwa. Sheria ya Uingereza ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kulirudisha gari bovu kwa muuzaji, na nafuu nyingine baada ya hapo, lakini ni kwa aliyelinunua kule kwa mfanyabiashara wa kule. Gari likishapanda meli Southampton, haki hizo hubaki gatini. Anayelipokea Kilindini anapokea kasoro peke yake.

Kanuni zetu za umri nazo zina mchango wake, bila kukusudia. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo mengi huingia yakiwa kwenye mwaka wa 7. Tanzania huruhusu makuukuu zaidi ila kwa ushuru wa nyongeza unaopanda kadiri gari linavyozeeka, na Uganda tangu 2018 imeyakataa yaliyopita miaka 15. Tazama tena huo mwaka wa 7. Ni wakati mkanda wa taimingi wa ile V6 unapodaiwa, mifuko ya upepo ya kwanza inapoanza kuchoka, na mwenye gari wa Birmingham anapopiga hesabu na kuona kuuza ni nafuu kuliko kutengeneza. Sheria ya kutulinda dhidi ya mikweche imetuletea magari siku moja kabla ya bili. Kwa Range Rover za 2013 hadi 2017 mambo yalikwenda vibaya zaidi: mengi yalikuwa yameshasajiliwa Nairobi na kuuzwa mara ya pili kabla uchunguzi wa nako haujafunguliwa Marekani.

Anayelifuata gari lililotoka Uingereza ana silaha moja nzuri ambayo wengi hawaitumii. Mwombe muuzaji namba ya usajili ya Uingereza, ile ya kwenye kibao cha awali, mbali na namba ya chasi. Kwa namba hiyo, tovuti ya serikali ya Uingereza inaonyesha bure historia ya ukaguzi wa kila mwaka ambao gari linalazimika kufanyiwa baada ya kutimiza miaka mitatu: limepita au limefeli, maili zilizosomwa siku hiyo, na maonyo ya mkaguzi kuhusu kutu, bushi, matairi na mabomba ya breki. Maili zikishuka kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, umeshajua unazungumza na nani. Muuzaji anayesema namba hiyo "imepotea" amekujibu. Kisha tafuta kwenye daftari la matunzo tarehe ya mkanda na nafasi kati ya badiliko moja la oili na jingine, na namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17 uiingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji uone kama kuna wito ambao haujatekelezwa. Ukurasa wa NHTSA utakusaidia zaidi kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani, la usukani wa kushoto, kama yale yanayofika Kigali na Bukavu.

Kabla hujatoa hela, liegeshe gari usiku kucha kwenye sakafu tambarare na upime kwa futikamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, jioni na alfajiri kabla mtu hajaligusa. Kulala utakuona kwa macho. Kisha linyanyuliwe, na stendi zikiwa chini yake, fundi asugue tope na grisi kwenye nako zote mbili za mbele, pale zinapokutana na mkono wa juu, amulike kwa tochi kutoka pembeni. Ufa wa alumini huanza ukiwa mwembamba kuliko unywele, na chini ya tope hauonekani.